Visiwa vya Msitu vya Maniema Kusini: Kuutawala Moto wa Kiangazi

(Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu maji: kwanza Lualaba na wavuvi wake Wagenya, kisha Luama na mashimo ya dhahabu ya upande wa Kabambare. Leo tunapanda nchi kavu.

Msafiri anayeshuka kutoka Kindu kwenda Kasongo huona nchi ikibadilika kidogo kidogo. Ule msitu mnene unaofunika kaskazini ya jimbo la Maniema unaanza kukatika. Nyasi zinaingia kati, mwanzo kama uwanja mdogo tu, kisha zinatanuka. Akifika Kasongo, na zaidi akikata mashariki kuelekea Kabambare, anakuta msitu umebaki vipande: utepe mwembamba unaofuata kijito, kichaka kilichosimama juu ya makaburi ya wazee, ekari chache za miti mirefu zilizozungukwa na nyasi pande zote. Wataalamu wa mimea huviita vipande hivi visiwa vya msitu. Naliona jina hilo ni la haki, maana watu wanaovitegemea wana shida ileile ya watu wa kisiwani: hawana pa kuhamia. Kijiji kikimaliza kisiwa chake, kuni zinafuatwa mbali, chemchemi inapungua, uyoga haupatikani tena wala viwavi, na nyuma ya kilima hakuna msitu mwingine unaosubiri.

Ninalotaka kusema leo ni moja, na nalitanguliza ili msomaji asihangaike kulitafuta. Kati ya mambo yote ambayo kaya ya Kasongo au Kabambare inaweza kuyafanya kwa ajili ya mazingira na hali ya hewa, hakuna linaloshinda kuutawala moto wa kiangazi. Kupanda miti ni jambo jema, nitalifikia. Lakini mche uliopandwa Novemba ukaungua Agosti umewapotezea watu nguvu na moyo, na mwaka unaofuata ukiwaita kupanda tena hawaji.

Kwanza tuelewe kwa nini nyasi ziko pale zilipo. Watu wengi hudhani kwamba kusini ya Maniema ni nchi ya nyasi kwa sababu mvua ni haba. Sivyo. Kasongo inapata zaidi ya milimita elfu moja za mvua kwa mwaka, na kiangazi chake kikali ni miezi michache tu, Juni hadi Agosti, pengine kikianza Mei. Mvua hiyo inaweza kulisha msitu. Ushahidi uko mbele ya macho yetu: pale ambapo moto haufiki, penye bonde lenye unyevu au penye kaburi linaloheshimiwa, miti inasimama mirefu na kufungana juu. Kinachoifanya nchi ibaki ya nyasi ni moto unaopita kila mwaka, ukifuatana na jembe linalorudi shambani kabla ardhi haijapumzika.

Lipo jaribio la zamani linaloeleza jambo hili vizuri kuliko hotuba yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, watafiti wa misitu waligawa vipande vya msitu wa miombo karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu wa Katanga, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Vipande vingine walivichoma kila mwaka mapema, kiangazi kinapoanza. Vingine walivichoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Vingine hawakuvigusa kabisa kwa moto. Nchi ni ileile, mvua ni ileile, udongo ni uleule. Miaka ilipopita, vipande vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilikuwa vimepoteza karibu miti yake yote na kugeuka nyasi. Vile vya moto wa mapema vilibaki na miti yake, na miti midogo ikaendelea kuinuka chini ya mikubwa. Vile visivyochomwa vikajifunga, vikawa vichaka vizito, na miti isiyopukutisha majani ikaanza kuingia.

Tofauti ya moto wa Juni na moto wa Agosti, basi, inatosha kuamua kama wajukuu wataona msitu au nyasi. Sababu si ngumu. Mwanzoni mwa kiangazi nyasi bado zina ubichi ndani, usiku umande unaanguka, na moto ukiwashwa hutambaa chini, unaruka sehemu zenye unyevu, na jioni unajifia wenyewe. Mwishoni mwa kiangazi kila kitu kimekauka hadi mizizi ya nyasi, upepo una nguvu, na miti mingi ndiyo kwanza imeanza kutoa majani mapya. Moto unaikuta katika saa yake ya udhaifu. Matete yaliyofika kimo cha watu wawili yanawaka mpaka cheche zinavuka barabara.

Simama ukingoni mwa kisiwa cha msitu baada ya moto wa Agosti, uangalie kwa makini. Miti mikubwa bado imesimama, na mpita njia atasema msitu haukudhurika. Lakini magome ya upande wa nyasi yamepasuka na kuwa meusi hadi juu ya kichwa. Miche iliyokuwa imejitokeza hatua tano au sita nje ya ukingo, ile ambayo ingekuwa msitu wa kesho, imekuwa vijiti. Ndani kidogo, majani makavu yaliyolala chini yameungua na udongo uko wazi. Mvua ya kwanza ikinyesha, nyasi ndizo zitakazoota hapo mbele ya mti wowote, na mwakani moto utakuwa na chakula hatua mbili au tatu ndani zaidi. Hivyo ndivyo kisiwa kinavyopungua. Hakuna siku hata moja ambayo mtu anaweza kusema leo msitu umekufa, na kwa sababu hiyo hakuna anayeshitakiwa.

Nani anawasha moto? Sote tunajua, ila hatupendi kutajana. Mkulima anachoma shamba alilofyeka na moto unamponyoka. Wawindaji wanazingira nyasi ili simbiliki na panya wakimbilie kwenye nyavu. Mrina asali anaacha kijinga kinachovuta moshi chini ya mti. Mchoma makala anaacha tanuru lake likipumua usiku bila mlinzi. Mtu mwingine anawasha kando ya njia ili aone nyoka, au ili ng'ambo paonekane, na mtoto anaiga alichoona. Kila mmoja ana sababu, na sababu nyingine ni za haki kabisa: bila moto, mkulima mwenye panga na jembe peke yake hawezi kusafisha shamba la mpunga. Kwa hiyo sipendekezi kupiga moto marufuku. Nchi ya nyasi ikikaa miaka mitatu bila kuungua hata kidogo hukusanya makavu mengi mno, na siku moto unapofika hauzimiki. Ninachopendekeza ni kwamba moto uwe na tarehe, uwe na mwenyewe, na uwe na mpaka.

Tarehe ni mapema. Nyasi zinazozunguka kisiwa cha msitu, chemchemi, shule, ghala la mpunga, zichomwe mwanzoni mwa kiangazi, wakati bado hazitaki kuwaka vizuri. Zikiungua vipande vipande ndiyo vyema. Moto wa Agosti ukija utakuta mbele yake pameshaliwa. Shamba jipya lina hesabu nyingine, kwa sababu miti iliyokatwa lazima ikauke na haiwezi kuungua Juni. Hapo kinga inatokana na mpaka na mwenyewe. Mpaka ni mkanda uliolimwa kuzunguka shamba lote, hatua tano au sita kwa upana, uliokwanguliwa mpaka udongo mtupu uonekane. Kufyeka nyasi na kuziacha zimelala hapo ni sawa na kuutandikia moto mkeka. Makavu ya mkanda yasukumwe ndani, upande wa shamba.

Siku ya kuchoma, mwenye shamba awaarifu majirani. Asubiri jua lishuke, upepo utulie. Asianzie upande upepo unakotoka, kama wengi wafanyavyo kwa kutaka kumaliza haraka, maana moto unaosukumwa na upepo hufika ng'ambo ukiwa na mbio na kuruka mkanda. Aanzie upande upepo unakoelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo. Ukishakula ukanda wa kutosha upande huo, ndipo awashe kwingine. Watu wanne au watano wenye matawi mabichi na bidoni za maji wakae kwenye mkanda, hasa kwenye kona. Moto ukilala, kazi haijaisha. Gogo kubwa huweza kuteketea ndani kwa ndani siku mbili tatu, likionekana limezima, kisha upepo wa mchana unalifufua. Arudi alfajiri, apite kila gogo lililo karibu na ukingo, aligeuze, alifukie kwa udongo. Nimeona watu waliofanya yote sawasawa jioni wakapoteza mihogo ya jirani keshokutwa yake kwa gogo moja.

Huo ndio ufundi wote. Hauhitaji mashine wala mfadhili.

Sasa, shamba. Mpunga ndio ulioipa Kasongo jina. Ulikuja na watu wa Pwani katika karne ya 19, na ulienea hasa katika miaka ya 1870, wakati mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alipoifanya Kasongo kuwa makao yake. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyefuatana na jeshi la afisa Mbelgiji Dhanis lililoingia Kasongo mwezi Aprili 1893, aliandika kwa mshangao juu ya mashamba na bustani za matunda alizozikuta. Sehemu ya nchi hii ilikwisha kubadilishwa na mikono ya watu kabla Mbelgiji hajafika, na utajiri ule ulilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Tusiusifu bila kulikumbuka hilo.

Mpunga wa nchi kavu una tabia moja: unapenda ardhi iliyotoka msituni. Majivu ya miti yanaulisha, magugu ni machache, na mavuno ya mwaka wa kwanza yanapendeza. Baadaye inafuata mihogo, karanga na mahindi, kisha shamba linaachwa. Wazee walilima hivyo miaka mingi na msitu haukuisha, kwa sababu walikuwa na kitu ambacho sisi tunakikosa: muda. Shamba lililoachwa miaka 15 au 20 hurudi kuwa msitu mchanga wenye udongo mzuri. Shamba linalorudiwa baada ya miaka mitatu au minne halirudishi miti, linarudisha nyasi, na nyasi zinaita moto.

Muda huo ulianza kupokonywa zamani. Sheria ya mwaka 1917 iliipa serikali ya kikoloni nguvu ya kulazimisha mazao, hadi siku 60 za kazi kwa mwaka, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za mwanzo kuonja pamba ya lazima. Vijiji viliposogezwa kando ya barabara, mashamba yote yalisongamana upande mmoja na ardhi ya karibu ikachoka. Miaka ya vita ya hivi karibuni imeongeza lake: watu waliokimbia vijiji vya Kabambare wakaja kulima na kuokota kuni karibu na miji, mahali palepale penye usalama, kwa sababu kwenda mbali ni kuhatarisha maisha. Mtu aliyekimbia usiku na watoto hawezi kuambiwa asubiri miaka 15.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walichapisha hesabu zao walizozipata kwa picha za satelaiti: kati ya mwaka 2000 na 2014, asilimia 84 ya eneo la msitu lililofyekwa au kuharibiwa katika Bonde la Kongo lilitokana na mashamba madogo yanayolimwa kwa mkono. Wapo wanaosoma namba hiyo na kumnyooshea kidole mkulima. Sikubaliani nao. Namba inaeleza mkono ulioshika panga. Haielezi kilichoufupisha mpumziko wa ardhi, wala haielezi kwamba mkulima huyohuyo hana gari, hana kiwanda, hana umeme, na sehemu yake katika hewa chafu inayoipasha dunia joto ni ndogo mno. Lakini nasema pia, na nalisema kwa ndugu zangu: msitu wetu unatulinda sisi kwanza. Miti inanyonya maji kutoka chini na kuyarudisha angani, na sehemu kubwa ya mvua inayonyesha ndani ya Bonde la Kongo ni maji ambayo yalikwisha kunyesha hapa hapa na kurudishwa na majani. Mkulima wa Kasongo asiyejua tena kama apande Septemba au asubiri Oktoba hana haja ya kungoja mkutano wa wakubwa duniani ndipo aone kwamba jambo hili ni lake.

Basi afanye nini shambani, kama muda hautoshi? Asifute kila kitu. Desturi ya kukata mti usawa wa ardhi na kisha kukichoma kisiki mpaka kife ni hasara tupu. Kisiki kilichoachwa usawa wa goti kina mizizi hai iliyofika chini sana. Shamba likiachwa, kinatoa machipukizi mwaka uleule, na mkulima akichagua mawili yaliyonyooka na kupunguza mengine, baada ya miaka michache ana mti ambao hakuupanda wala hakuumwagilia. Miti mingine isikatwe kabisa: mivule, misafu, michikichi, na ile mikubwa inayoleta viwavi wa kuliwa. Mama anayeuza viwavi sokoni anaijua miti hiyo mmoja mmoja kuliko agronomu yeyote. Aulizwe kabla panga halijainuliwa.

Nguvu ya visiki imeonekana Shinyanga, Tanzania. Nchi ile ilikuwa imekaribia kuwa jangwa: miti ilikatwa kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, kwa pamba, kwa kuni. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Baada ya kuhangaika na vitalu vya miche, waligundua kwamba Wasukuma walikuwa tayari na dawa yao, ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili ibaki na majani ya kiangazi. Walipoifufua desturi hiyo, na sheria zake zikasimamiwa na mabaraza ya wanakijiji wenyewe, visiki na mizizi iliyolala ardhini ikainuka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa. Na ndani ya Kongo yetu, Wamanianga wa Kongo Central wana desturi wanayoiita nkunku: kijiji kinachagua kipande cha nyasi, kinakizuilia moto miaka mingi, na nyasi zinageuka msitu. Mvua yetu sisi inazidi ya Shinyanga. Kama kule iliwezekana, kisiwa cha msitu cha Kabambare hakihitaji muujiza ili kitanuke. Kinahitaji ukingo wake usiungue miaka mitano mfululizo.

Juu ya kando za mito nitasema kwa ufupi kwa sababu sheria yenyewe iko wazi na watu wachache wanaijua. Sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002, kifungu cha 48, inakataza kufyeka msitu ndani ya mita 50 kila upande wa mto au kijito, na ndani ya mita 100 kuzunguka chemchemi. Nendeni mkapime penye kisima mnachoteka. Mara nyingi mtakuta mihogo imefika mpaka kwenye mawe. Kurudisha mita 100 kwa siku moja haiwezekani bila kumnyima mtu chakula chake; lakini mwenye shamba lile anaweza, mihogo ikishavunwa, asipande tena, na wanaoteka maji wakamsaidia kufyeka kwingine kwa salongo, yaani kazi ya pamoja. Huo ni ukopeshaji wa haki kati ya jirani na jirani.

Jikoni pana mengi pia. Mafiga matatu yaliyo wazi kwa upepo hupasha hewa kuliko chungu. Ukuta wa udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa au mchanga, uliojengwa kuyazunguka kwa kuacha mdomo wa kuni na nafasi ndogo ya moshi, hupunguza kuni na hupunguza moshi unaoumiza macho na vifua vya akina mama na watoto. Kuni zikauke vizuri kabla ya kuwashwa. Maharagwe yalowekwe tangu usiku. Sufuria ifunikwe. Haya si mambo makubwa, na sitayafanya yawe makubwa. Ila jiko linalokula mzigo mmoja mahali pa miwili ni safari moja iliyopungua kwa binti anayeokota kuni.

Makala ndiyo yanayotisha zaidi, kwa kuwa mji unakua. Katika tanuru la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hutoa makala kilo 10 hadi 20 tu; zilizobaki zimekwenda na moshi. Mchoma makala mwenye subira anayekausha miti majuma kadhaa, anayepanga magogo yakabanana bila kuacha mapengo, anayefunika kwa majani kisha udongo na kulilinda tanuru usiku na mchana, anapata mifuko mingi kwa miti ileile. Na miti hiyo si lazima itoke kisiwani mwetu. Kule Mampu, katika nyanda za Bateke mashariki ya Kinshasa, hekta kama 8,000 za nyasi zilipandwa mikasia ya aina ya Acacia auriculiformis tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha zikagawiwa familia, kila moja hekta 25. Mti unakua haraka, unarutubisha udongo, unakatwa kwa makala ukiwa na miaka michache, mihogo na mahindi yanafuata, na mbegu zilizolala ardhini zinaota upya. Kwetu mkasia huo ungefaa kwenye nyasi zilizochoka karibu na mji. Usipandwe ndani ya kisiwa cha msitu wala kando ya chemchemi. Ni mgeni mwenye nguvu, na hapo miti ya kienyeji ina kazi ambayo mgeni hataifanya.

Tukizungumzia kupanda, tupande pia kile kinacholiwa. Mwembe, msafu, mparachichi na mchikichi hulindwa dhidi ya moto bila kuhitaji amri, kwa sababu mwenyewe anajua thamani yake. Mstari wa miembe yenye kivuli kizito kati ya nyasi na ukingo wa msitu ni kinga ya moto yenyewe: chini yake nyasi haziwi ndefu. Mche utiwe ardhini mvua zinapokolea, Oktoba au Novemba, upate miezi sita au zaidi ya kushusha mizizi kabla ya Juni, na kabla ya Juni mzunguko wake upaliliwe.

Nimebakisha jambo gumu, la nani ana haki ya kuamua. Sheria ileile ya 2002, kifungu cha 22, inaruhusu jamii ya mahali kuomba, bila malipo, msitu inaoumiliki kwa mila uwe wake kisheria. Amri namba 14/018 ya 2 Agosti 2014 ikaeleza njia: jamii inaweza kupewa na gavana wa jimbo msitu usiozidi hekta 50,000, na haki hiyo haina mwisho wa muda. Wachache kwetu wameisikia. Karatasi zake ni nyingi, na ramani inahitaji mtu mwenye ujuzi. Lakini kijiji kinachosikia kwamba mkata mbao au mchimba dhahabu amefika na hati mkononi ndipo kinapojua thamani ya kuwa na hati yake chenyewe. Unguja na Pemba, ambavyo ni visiwa vya kweli vyenye msitu mdogo mno, vilikwenda njia inayofanana: mradi wa HIMA, ulioanza 2010, ulisaidia shehia, yaani vitengo vya utawala vya kule, kuandikiana na serikali mikataba ya kusimamia misitu yao. Somo ninaloliona kule ni kwamba ramani ilichorwa na wenyeji wakitembea mpaka kwa miguu pamoja na majirani, na magomvi ya mpaka yakajitokeza wakiwa bado wamesimama porini.

Kabla ya hati, hata hivyo, kuna makubaliano ya kijiji, na hayo hayangoji Kindu wala Kinshasa. Yafanyike Mei, mvua zinapokatika. Sultani na kapita waite watu. Wawepo wawindaji, warina asali, wachoma makala, akina mama wanaookota kuni, vijana, na wale waliokimbia vita ambao mara nyingi husahauliwa kwenye mikutano ingawa nao wanalima. Wakubaliane tarehe za moto wa mapema na zitangazwe baada ya sala ya Ijumaa na baada ya misa ya Jumapili. Wakubaliane kwamba baada ya siku fulani ya Julai hakuna atakayewasha nyasi, na kwamba shamba jipya halichomwi bila majirani kuona mkanda wake. Adhabu iwe kazi, si fedha: aliyeunguza ukingo wa msitu alime mkanda wa kijiji mwaka unaofuata, au apande na kulinda miche idadi waliyokubaliana. Faini ya fedha huishia kwa mwenye kuikusanya, na masikini huichukia sheria kabla hajaielewa.

Pia makubaliano hayo yasiwe ya kijiji kimoja. Kisiwa cha msitu mara nyingi kiko kati ya vijiji viwili au vitatu, na moto uliowashwa na hawa unamalizikia kwa wale. Vijiji vinavyoteka maji kwenye kijito kimoja vikutane pamoja, vitembee ukingo mzima wa msitu, vigawane sehemu za mkanda: hapa mpaka kwenye mvule ni wenu, kutoka mvule mpaka kivukoni ni wetu. Wakisha kutembea hivyo mara moja, moto ukitokea kila mtu anajua ni nani wa kupigiwa ngoma kwanza.

Sehemu ya nne itahusu mpunga wa mabondeni: namna ya kuulima bila kukausha chemchemi za miwale, na tahadhari ya kichocho na malaria inayoambatana na maji yaliyosimama.